Amir Jamal: Waziri aliyezihangaikia fedha za msimu

MKULIMA wa tumbaku wa Katumba au Mishamo anajua maana ya kukopwa. Mabelo yamepita mzani, madaraja yametajwa, karatasi zimeandikwa na gari limeondoka. Kilichobaki ni fedha. Chama cha msingi kinasema benki bado, benki inasema mnunuzi bado, na mwenye duka mjini Mpanda aliyetoa sabuni, mafuta na saruji kwa ahadi ya msimu anaanza kukwepa simu za aliyemletea bidhaa.

Katika mlolongo huo hakuna aliyefilisika. Tumbaku ipo, mnunuzi yupo, duka lipo. Mali haijageuka fedha siku inayotakiwa, basi. Wataalamu wa mabenki huita hali hiyo upungufu wa ukwasi, na benki yenyewe inaweza kupatwa nayo kama mkulima. Inaweza kuwa na majengo na mikopo mizuri mikononi mwa wateja, lakini ikakosa noti za kumpa aliyefika dirishani kuchukua akiba yake.

Tanzania ilikuwa na mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilizunguka jambo hilo, wakati mwingine akilitatua na wakati mwingine akilifunika. Ni hayati Amir Habib Jamal, aliyekuwa Waziri wa Fedha kwa vipindi vitatu kati ya mwaka 1965 na 1983. Wengi wanamkumbuka kama waziri mwenye asili ya Kiasia aliyekaa muda mrefu kwenye baraza la Mwalimu Nyerere. Wachache wanakumbuka kwamba ndiye aliyesimamia Hazina wakati nchi ilipoanzisha Benki Kuu yake, ilipotaifisha mabenki na ilipoishiwa fedha za kigeni.

Mtoto wa mji wa pamba

Jamal alizaliwa Mwanza Januari 26, 1922, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, India. Mwanza iliishi kwa pamba. Baada ya mavuno fedha zilijaa mjini kwa miezi michache, kisha zikakauka. Duka lililouza kwa taslimu mwezi Julai liliuza kwa daftari mwezi Februari. Hali hiyo haina tofauti kubwa na ya Mpanda leo, ila pale ilikuwa pamba na hapa ni tumbaku, mahindi na mpunga.

Masomo ya juu aliyapata India, katika Chuo Kikuu cha Calcutta, alikosomea biashara na uchumi wakati harakati za kumwondoa Mwingereza zimepamba moto. Aliporudi Tanganyika aliingia katika biashara ya familia. Miaka ya mwanzo ya 1950 alifahamiana na Julius Nyerere, na urafiki huo ukadumu hadi mwisho wa maisha yake.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, makao makuu ya Jimbo la Magharibi ambalo Mpanda ilikuwa ndani yake. Mkutano ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Jamal aliingia Baraza la Kutunga Sheria kupitia uchaguzi huo, akiungwa mkono na TANU. Mwaka 1959 akawa waziri, na nchi ilipopata uhuru Desemba 9, 1961 alikuwa akisimamia mawasiliano, umeme na ujenzi. Baadaye aliwakilisha Morogoro bungeni kwa miaka mingi.

Wizara hiyo ya mawasiliano inaigusa Mpanda. Reli kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki bila mzigo iliyojengewa. Abiria, mahindi na tumbaku ndivyo vilivyoipa kazi mpya. Kwa wilaya ambayo barabara zake zilikatika kila masika, treni ndiyo iliyoleta mbolea na kuondoa mazao. Treni ilipochelewa, fedha nazo zilichelewa, maana shirika linalouza nje halilipwi mpaka mzigo umfikie mnunuzi.

Sarafu iliyosubiri London

Hadi mwaka 1966 Tanzania haikuwa na Benki Kuu. Noti zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi iliyotoka ilitegemea pauni nyuma yake. Mabenki makubwa, Barclays, Standard na National and Grindlays, yalikuwa matawi ya kampuni za Uingereza. Wakati wa kununua mazao, mabenki hayo yaliagiza fedha kutoka makao makuu yao London na kuwakopesha wanunuzi. Msimu ulipokwisha zilirudishwa huko huko.

Kwa upande wa usalama wa mabenki, utaratibu huo haukuwa mbaya. Tawi likipungukiwa, mama yake yupo. Tatizo ni kwamba aliyeamua fedha kiasi gani zije kununua pamba ya Sukuma au tumbaku ya Tabora aliketi London, na aliangalia kwanza mahitaji yake ya huko. Mkulima wa mbali, asiye na hati ya ardhi wala hesabu zilizokaguliwa, hakuwamo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Juni 1965 nchi tatu za Afrika Mashariki zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na sarafu yake. Waziri wa Fedha wa Tanzania alikuwa Paul Bomani, mwasisi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Katika uchaguzi wa mwaka huo Bomani alipoteza kiti chake, na Jamal akahamishiwa Hazina. Sheria ya Benki Kuu ilipitishwa Desemba 1965, Edwin Mtei akateuliwa Gavana wa kwanza, na Mwalimu Nyerere akaifungua benki hiyo Juni 1966.

Kwa mara ya kwanza kulikuwa na taasisi ndani ya nchi ambayo benki iliyopungukiwa ingeweza kuikimbilia. Benki Kuu inaweza kuikopesha benki ya biashara kwa dhamana ya hati nzuri, ikiwamo ya mazao yaliyokwisha nunuliwa na kusubiri kusafirishwa, kisha ikarudishiwa fedha mazao yanapouzwa. Huo ndio msaada halali wa ukwasi. Unafaa kwa aliye na mali ambayo bado haijageuka fedha. Asiye na mali hauwezi kumponya.

Februari 1967

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba mabenki yote ya biashara ya kigeni yametaifishwa, na siku chache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuunda Benki ya Taifa ya Biashara, NBC.

Kisiasa jambo hilo lilishangiliwa barabarani. Kwa aliyeketi Hazina lilikuwa jambo la kutisha. Benki huishi kwa imani ya wenye amana, na hakuna kinachoitikisa imani hiyo haraka kama habari kwamba mwenye benki amebadilika usiku mmoja. Mabenki makubwa ya Kiingereza yaliwaondoa wataalamu wao wa kigeni. Uhusiano na London, uliokuwa bomba la fedha za msimu, ulikatika, na madai ya fidia yakaanza mazungumzo marefu. Watanzania waliokuwa na uzoefu wa kuendesha benki kubwa walikuwa wachache mno.

Amon Nsekela alipewa NBC aiongoze. Jamal na Mtei walibaki na kazi ya kuhakikisha milango haifungwi. Haikufungwa. Matawi yaliendelea kupokea na kulipa, na mazao ya mwaka huo yalinunuliwa. Wafanyakazi vijana waliokuwa makarani walijikuta mameneja, na wengi wao wakajifunza kazi wakiwa kwenye kiti. Ni moja ya kazi zilizofanyika vizuri zaidi katika historia ya fedha ya nchi hii, na haisimuliwi vya kutosha.

Mtihani wa pili ulikuja Novemba mwaka huo huo. Uingereza ilipunguza thamani ya pauni kwa zaidi ya asilimia 14. Wengi walidhani nchi za Afrika Mashariki zitafuata, kama ilivyokuwa desturi ya makoloni. Hazikufuata. Akiba iliyokuwa imewekwa kwa pauni ilipoteza sehemu ya thamani yake, lakini shilingi ilibaki imesimama kwa miguu yake. Mwaka 1971 Tanzania ikaiacha pauni na kuifunga shilingi kwenye dola ya Marekani. Katika miaka hiyo hiyo Jamal alikuwa miongoni mwa walioshughulikia fedha za kujenga reli ya TAZARA kutoka China, na Hazina ilianzisha mabenki ya maendeleo, ikiwamo Benki ya Uwekezaji mwaka 1970 na Benki ya Maendeleo Vijijini, TRDB, mwaka 1971. TRDB ndiyo iliyogeuzwa kuwa CRDB mwaka 1984.

Mpango badala ya kanuni

Kanuni za kawaida za kusimamia mabenki hutaka kila benki iweke akiba kiasi fulani Benki Kuu, iwe na mali ya kugeuzika fedha haraka, na isimkopeshe mtu mmoja kupita kiasi. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya mabenki mengi yanayoshindana. Baada ya 1967 Tanzania Bara ilikuwa kwa kweli na benki moja ya biashara, ya serikali, na wakopaji wake wakubwa walikuwa mashirika ya serikali hiyo hiyo. Kumwambia baba asimkopeshe mtoto kupita kiasi ni maneno tu.

Jamal na wenzake walichagua njia nyingine. Kuanzia 1971 kila mwaka uliandaliwa Mpango wa Fedha na Mikopo. Serikali, Benki Kuu na mabenki walikaa pamoja wakaamua kiasi gani kiende kununua mazao, kiasi gani viwandani, kiasi gani serikalini. Kiwango cha riba kikawa kitu kidogo. Mgao ndio ulikuwa na nguvu.

Utaratibu huo ulikuwa na jambo zuri ambalo wakosoaji wa leo hulisahau. Msimu wa mazao uliwekwa juu ya meza mapema, kama haki ya mkulima na si upendeleo wa meneja wa benki. Wilaya kama Mpanda, ambayo benki ya kigeni isingeiangalia mara mbili, ilihesabiwa. Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Tabora na kuunganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa wa Rukwa, na muda si mrefu jina la Rukwa likaanza kutajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kila ilipozungumzwa habari ya mahindi.

Jamal alikuwa amehamishiwa Biashara na Viwanda mwaka 1972. Mwaka 1975 alirudishwa Hazina, na mambo aliyoyakuta yalikuwa tofauti na aliyoyaacha. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara kadhaa, ukame wa 1974 ulikuwa umelazimisha nchi kununua chakula nje, na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imepungua vibaya.

Mahindi ya Rukwa na daftari la NBC

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kutangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Mpanda alilipwa sawa na wa Morogoro, ingawa gunia lake lilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli kabla ya kufika Dar es Salaam. Kwa mkulima wa pembezoni hii ilikuwa neema, na mahindi yalilimwa kwa wingi. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, pamoja na mamlaka za mazao, ikiwamo ya tumbaku, yakawa wanunuzi wa moja kwa moja vijijini.

Sasa tazama hesabu ya NMC. Ilinunua kwa bei iliyopangwa, ikalipia reli na malori, ikauza unga mijini kwa bei nyingine iliyopangwa, mara nyingi chini ya gharama. Pengo lake ililifidia kwa kuchukua NBC fedha kupita kilichomo kwenye akaunti yake, ovadrafti kama mabenki wanavyoiita. Ovadrafti hutolewa kwa msimu, ununue leo, uuze kesho, urudishe. NMC iliuza ikarudisha nusu, msimu mwingine ukafika, NBC ikaongeza. Deni likakua hadi mabilioni ya shilingi za wakati huo. Mamlaka za mazao mengine zilipita njia hiyo hiyo.

Katika vitabu vya NBC mikopo hiyo ilionekana salama kwa sababu serikali ilikuwa mdhamini. Na NBC yenyewe ilipopungukiwa fedha, Benki Kuu ilikuwa nyuma yake. Mwaka 1978 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili iweze kuingia pia katika kufadhili maendeleo, na breki zikalegea zaidi.

Hapo ndipo mambo mawili yalichanganywa ambayo hayafai kuchanganywa. NMC haikuwa na tatizo la mali iliyochelewa kugeuka fedha. Ilikuwa na hasara. Mali ilikwisha uzwa, na fedha zilizopatikana hazikutosha kulipa zilizokopwa. Dawa ya ukwasi ikatolewa kwa ugonjwa wa hasara, mwaka hadi mwaka, na mgonjwa akaonekana mzima kwa sababu dirisha la benki halikufungwa hata siku moja.

Mwenye amana hakukimbilia kutoa fedha zake, kwa kuwa hakuwa na benki nyingine ya kuzipeleka. Lakini hatari haikuondoka nchini, ilihamia vijijini. Mashirika yalipofika mwisho wa mgao wao yaliacha kulipa taslimu, yakaandika karatasi. Wakulima wakajifunza kusema wamekopwa. Sehemu nyingine ya hatari ilihamia kwenye shilingi yenyewe, kwa sababu fedha zilizotolewa bila mali nyuma yake zilipandisha bei ya kila kitu dukani. Mkulima aliyelipwa karatasi mwezi Agosti na kupokea fedha Februari alikatwa mara mbili.

Je, Jamal ndiye wa kulaumiwa? Bei moja na kuvunjwa kwa ushirika yalikuwa maamuzi ya chama na serikali nzima. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenye funguo za Hazina mwaka 1976, na dhamana ya serikali haitoki bila Hazina. Mtu aliyekulia katika biashara alijua vema tofauti ya mteja aliyechelewa kulipa na mteja asiyeweza kulipa. Uaminifu wake kwa Mwalimu, ambao ulikuwa sifa yake kubwa, katika jambo hili uliigharimu nchi.

Kurudi mara ya tatu

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Jamal akapelekwa wizara ya mawasiliano na uchukuzi, wakati Tanzania ilipolazimika kuunda Shirika lake la Reli. Mtei akawa Waziri wa Fedha. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, na akiba ya fedha za kigeni ikajaa. Nchi ikalegeza uagizaji wa bidhaa, bei ya kahawa ikashuka, na hadi kufika mwisho wa 1978 akiba ilikuwa imekwisha. Wakati huo huo vita ya Kagera ikaanza. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Mtei alitofautiana na Mwalimu kuhusu mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, akajiuzulu. Jamal akaitwa Hazina kwa mara ya tatu.

Mwaka 1980 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mikutano ya mwaka ya IMF na Benki ya Dunia mjini Washington. Ni heshima kubwa kwa waziri wa nchi maskini. Alikuwa pia mmoja wa wajumbe wa tume ya Willy Brandt, iliyochunguza uhusiano wa nchi tajiri na maskini na kutoa ripoti mwaka huo. Wakati anaketi kwenye kiti hicho, nchi yake ilikuwa ikihangaika kulipia meli moja moja ya mafuta.

Septemba 1980 Tanzania na IMF walikubaliana kuhusu mkopo. Moja ya masharti ilikuwa kikomo cha mikopo ya mabenki ya ndani, hasa kwa serikali. Ndani ya miezi michache kikomo kilivukwa na mkopo ukasimama. Ukiangalia madeni ya mamlaka za mazao utaona kwa nini. Kuheshimu kikomo kulimaanisha kutonunua mazao ya msimu, au kuacha NMC ianguke hadharani. Hakuna waziri aliyekuwa tayari kusimama Mpanda au Songea na kulitangaza hilo.

Hazina ilijaribu mipango yake yenyewe, mmoja wa kuokoa uchumi mwaka 1981 na mwingine wa marekebisho mwaka 1982. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kurudisha ushirika. Fedha za kuendesha mipango hiyo hazikutosha. Mwaka 1983 Jamal aliondoka Hazina akabaki Waziri wa Nchi, na Cleopa Msuya akachukua nafasi.

Geneva

Mwaka 1985 alipelekwa Geneva, Uswisi, kuwa Balozi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Mwalimu alikuwa ameacha urais, na alipoanza kazi ya Tume ya Kusini, iliyokuwa na ofisi mji huo huo, Jamal alimsaidia. Aliendelea kutetea hoja kwamba nchi inayouza zao moja au mawili kwa bei inayopangwa na wengine haiwezi kuhukumiwa kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya tajiri. Kwa hoja hiyo alikuwa sahihi zaidi kuliko alivyokuwa kuhusu NMC.

Mwendo wa saa chache kwa treni kutoka Geneva uko mji wa Basel, ambako kamati ya wasimamizi wa mabenki wa nchi tajiri mwaka 1988 ilitoa kanuni za mtaji ambazo polepole zilikuja kuwa kipimo cha mabenki ya dunia nzima. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kuchunguza mabenki yake kupitia tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana tangu 1974 na hivyo kufanya kazi na Jamal miaka mingi. Ripoti ya mwaka 1990 ilieleza waziwazi hali ya NBC. Sehemu kubwa ya mikopo yake haikuwa ikilipwa, na waliokuwa hawalipi walikuwa mashirika na vyama vya mazao. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 1991 ikafungua mlango kwa mabenki binafsi, ikaipa Benki Kuu madaraka ya kukagua na kufunga, na mikopo mibovu ikahamishiwa kwenye chombo maalumu cha kukusanya madeni. Hasara iliyobaki ilibebwa na Hazina.

Jamal alifariki dunia Machi 21, 1995 mjini Vancouver, Canada, akiwa na umri wa miaka 73. Mwaka huo huo benki binafsi ya Meridien BIAO, mojawapo ya za kwanza kuingia nchini baada ya sheria mpya, ilianguka na shughuli zake zikachukuliwa na Stanbic. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Watanzania wengi kuona kwamba benki inaweza kufa.

Mwaka 1997 NBC aliyosaidia kuiunda iligawanywa. Sehemu iliyobaki na jina la NBC iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na matawi mengi ya wilayani yakaangukia NMB, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi mwaka 2005. CRDB nayo ilikuwa imebinafsishwa mwaka 1996.

Kanuni zikakaza mwaka hadi mwaka. Benki ilitakiwa kuwa na mali inayogeuzika fedha haraka isiyopungua asilimia 20 ya amana zinazoweza kudaiwa wakati wowote, mbali ya akiba ya kisheria inayokaa Benki Kuu. Baada ya msukosuko wa fedha wa dunia wa 2008, kamati ya Basel mwaka 2010 iliongeza kipimo kingine, kwamba benki iweze kuvumilia siku 30 za dhiki bila msaada. Kwa tawi la Mpanda kanuni hizi si maneno ya mbali. Kila shilingi inayokaa kwenye dhamana za serikali ili kutimiza asilimia hizo ni shilingi isiyokopeshwa kwa pembejeo. Benki Kuu ililiona hilo, ikashusha akiba ya kisheria kutoka asilimia 10 hadi 8 mwaka 2017, kisha hadi 6 mwaka 2020, na Julai 2021 ikaahidi nafuu zaidi kwa benki itakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Januari 2018 Benki Kuu ilifunga mabenki matano yenye mtaji usiotosha, miongoni mwao Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera na benki za wananchi za Njombe na Meru. Agosti mwaka huo iliichukua Bank M, ya Dar es Salaam, kwa sababu ya upungufu mkubwa wa ukwasi, na Januari 2019 mali na madeni yake vikahamishiwa Azania. Wateja wa Bank M walipata benki nyingine. Wa yale matano walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi Sh milioni 1.5 kila mmoja, na aliyekuwa na zaidi ya hapo akaambiwa asubiri mufilisi auze mali. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh milioni 7.5 kwa mwenye amana mmoja katika benki moja. Mauzo ya siku moja ya soko la tumbaku katika chama cha msingi kimoja huweza kupita hapo kabla ya saa sita mchana.